Mapitio: Programu ya Mazoezi ya Kujibu Dau la Tatu kwenye Meza za Dau Dogo

Programu ninayoihakiki hapa ni miongoni mwa zile programu za mazoezi ya poka zinazolipiwa kwa mwezi, ambazo humwonyesha mchezaji wa Texas Hold'em isiyo na ukomo wa dau karata zake mbili, nafasi aliyokaa na dau lililo mbele yake, kisha humtaka achague kutupa, kufuata au kupandisha, na papo hapo humjulisha iwapo chaguo lake linalingana na la kikokotozi, yaani programu ya kompyuta inayotafuta uchezaji bora kwa hesabu. Sitaitaja jina, kwa kuwa karibu programu zote za kundi hili zimejengwa kwa mpango mmoja, na kasoro nitakazozieleza ni za mpango huo zaidi kuliko za muuzaji yeyote. Nimeipima kwa jambo moja tu, nalo ni sehemu inayofundisha kujibu dau la tatu kabla ya flopu (karata tatu za kwanza za pamoja zinazofunuliwa mezani): umefungua kwa kupandisha, mtu aliye nyuma yako au kwenye blaindi (viti viwili vinavyolazimika kuweka dau, dogo na kubwa, kabla ya karata kugawiwa) akapandisha juu yako, na zamu imekurudia. Ukihesabu blaindi kubwa kuwa dau la kwanza na ufunguzi wako kuwa la pili, hilo ndilo la tatu, na ukimpandishia tena unakuwa umeweka la nne.

Hukumu yangu niitoe mapema: programu hii inafundisha vizuri sana kumjibu mpinzani ambaye kwenye meza za dau dogo humkuti mara nyingi. Hilo haliifanyi kuwa bure. Linamaanisha tu kwamba mnunuzi anapaswa kujua ni somo lipi alichukue kama lilivyo na ni lipi alipinde kabla ya kulipeleka mezani.

Wauzaji wanaitangaza sehemu hii kuliko nyingine zote, na wana sababu. Nitapima kila kitu kwa blaindi kubwa, na blaindi ndogo ni nusu yake. Mchezaji aliye kwenye nafasi ya mgawaji, anayeamua wa mwisho baada ya flopu, akifungua kwa blaindi 2.5 na blaindi kubwa ikafuata tu, poti (fedha zilizokusanyika mezani) inayosubiri flopu ni blaindi 5.5. Blaindi ndogo ikipandisha hadi 11 na mfunguzi akafuata, poti ni 23, na kila mmoja amebakiwa na 89 kati ya 100 alizoanza nazo. Kosa dogo la kabla ya flopu linaingia hivyo kwenye poti iliyokuzwa zaidi ya mara nne, na makosa yanayofuata baada ya flopu yanapimwa kwa kipimo hicho kipya. Ndiyo maana mtu anaweza kucheza kwa utulivu jioni nzima kisha akapoteza faida yake yote katika mikono michache iliyopandishwa mara mbili kabla ya karata za pamoja kufunuliwa.

Kiolesura ni kile kilichozoeleka: gridi ya visanduku 169, kimoja kwa kila aina ya mkono wa kuanzia, vikipakwa rangi kulingana na hatua inayopendekezwa. Hapa programu inafanya jambo jema ambalo nyingine hulisahau, nalo ni kuonyesha kando ya kila kisanduku idadi halisi ya michanganyiko. Kuna michanganyiko 1,326 ya karata mbili, na visanduku havina uzito sawa: jozi ina michanganyiko 6, mkono wa aina moja (karata mbili za alama ileile, kama mbili za kopa) una 4, na mkono wa aina tofauti una 12. Jicho la mwanafunzi huona AK (A ni ree, K mfalme, Q malkia na J ghulamu) ya aina moja na AK ya aina tofauti kama visanduku viwili vinavyolingana, ilhali ya pili huja mara tatu ya ya kwanza. Bila kulielewa hilo, mtu hawezi kukadiria anachoshikilia mpinzani, na kukadiria huko ndiyo kazi yenyewe.

Majedwali yenyewe yametokana na ukokotozi wa kupunguza majuto, mbinu ambayo msingi wake ulichapishwa mwaka 2007 na watafiti waliokuwa Chuo Kikuu cha Alberta huko Kanada: kompyuta inacheza dhidi ya nafsi yake mara nyingi mno, inapima kila hatua iliyoiacha ingeleta nini, kisha inarekebisha. Mbinu za ukoo huo ndizo zilizoiwezesha Pluribus, iliyotengenezwa na watafiti wa Carnegie Mellon na Facebook, kuwashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita mwaka 2019. Maelezo ya programu yanaringa kwa nasaba hiyo, na yanaacha kusema kwamba majedwali ya watu sita hutegemea urahisishaji mwingi: ukubwa wa madau umewekwa mapema, baadhi ya njia zimekatwa, na kila mtu mezani anachukuliwa kuwa anacheza kwa usawa uleule wa kompyuta, yaani uchezaji usio na udhaifu wa kutumiwa na mpinzani. Sharti hilo la mwisho ndilo linalovunjika mara tu unapoketi kwenye meza ya dau dogo.

Nianze na panaposifika. Somo la kwanza la programu ni bei, na limefundishwa kwa uangalifu. Katika mfano wa juu, mfunguzi anaombwa alipe blaindi 8.5 ili ashindanie poti ambayo akilipa itakuwa 23, kwa hiyo anahitaji kushinda karibu asilimia 37 ya wakati kama hakutakuwa na dau jingine baadaye. Upande wa pili, aliyepandisha kutoka blaindi ndogo anahatarisha blaindi 10.5 zaidi ili apate 4 zilizoko mezani, na hivyo asipofuatwa kwa zaidi ya asilimia 72 ya wakati anapata faida hata kwa karata mbili za takataka. Programu inavirudia viwango hivi viwili hadi vinakaa kichwani, na inavibadilisha kadiri ukubwa wa dau unavyobadilika. Mchezaji aliyekuwa akifuata kwa sababu tu "karata ni nzuri" anaanza kuuliza bei kabla ya kuangalia uzuri.

Somo la pili ni nafasi, na hapo ndipo nilipoona faida kubwa zaidi kwa mchezaji wa kawaida. Umefungua kutoka nafasi ya kwanza kwa 2.5, na mgawaji amepandisha hadi 8. Bei ni nafuu kuliko ile ya blaindi ndogo, kwani unalipa 5.5 kwenye poti itakayokuwa 17.5, yaani unahitaji karibu asilimia 31 tu. Wengi huishia kwenye hesabu hiyo na kufuata kwa KQ ya aina tofauti au AJ ya aina tofauti. Programu inawakatalia bila huruma, kwa sababu atakayecheza wa kwanza kwenye flopu, kwenye karata ya nne na kwenye ya tano havuni uwezekano wake wote wa kushinda. Hulazimika kutupa mikono ambayo ingeweza kushinda na hulipwa kidogo anaposhika kitu. Ukiwa mgawaji na aliyepandisha ni blaindi, mambo yanageuka: bei ni ghali zaidi lakini unaona hatua yake kabla ya kuamua yako, na jedwali linakuruhusu kufuata kwa mikono mingi ya aina moja na jozi za kati. Mtu akijifunza tofauti hiyo peke yake na kuacha kufuata ovyo akiwa nje ya nafasi, ada ya mwezi imerudi.

Sasa nije kwenye kasoro, na ya kwanza ndiyo iliyonifanya niandike mapitio haya. Jedwali la kawaida linachukulia kwamba blaindi ndogo inapandisha dhidi ya mgawaji kwa zaidi ya mkono mmoja katika kila kumi, ikichanganya mikono mikubwa na ya kuzuga (dhaifu, inayopandishwa ili kumtisha mpinzani atupe) kwa kiasi. Wachezaji wazoefu wa meza za dau dogo hufanya hivyo mara nyingine, hasa blaindi dhidi ya mgawaji. Mchezaji wa burudani, na hata wengi wa wale wabanaji, wachezaji wa mikono michache tu, wanaocheza meza kadhaa kwa wakati mmoja, hawafanyi. Wao hupandisha wanapokuwa na mkono ambao hawaoni aibu kuuonyesha. Chukua mtu anayepandisha kwa asilimia 3 ya mikono yake: kati ya michanganyiko 1,326 hiyo ni 40, na 40 ni sawasawa na jozi ya ghulamu, malkia, wafalme na ree pamoja na kila AK. Hakuna nafasi iliyobaki ya kuzuga. Mpinzani huyo akipandisha, anakuwa amekuonyesha karata zake kwa kiasi kikubwa, na jedwali la usawa linakutaka ujifanye hujaziona.

Tazama AQ ya aina tofauti, mkono ambao kwenye meza hizi umekula akiba za watu wengi. Dhidi ya safu hiyo ya asilimia 3, yaani mikono yote anayoweza kuwa nayo mpinzani huyo, uwezekano wake wa kushinda hauzidi asilimia 30, kwa sababu ree yako ikitokea kwenye flopu mara nyingi imemsaidia zaidi mwenye AK au jozi ya ree. Mkono unaodharauliwa kama 98 ya aina moja unasimama karibu asilimia 30 vilevile dhidi ya safu ileile, na angalau unapopata kitu unajua umepata. Yote miwili iko chini ya asilimia 37 inayohitajika. Programu, ikiwa kwenye mpangilio wake wa kawaida, inakuhesabia kosa ukiitupa AQ ukiwa mgawaji, na ukifuata inakupa alama ya kijani. Mwanafunzi mtiifu ataondoka na tabia ya kumlipa mtu aliyemwambia wazi kwamba ana mkono mkubwa.

Dau la nne la kuzuga ni mfano mwingine wa aina hiyohiyo, na pengine ni wa hatari zaidi kwa kuwa linampa mtu hisia ya ujanja. Kikokotozi kinapenda kutumia mikono kama A5 ya aina moja: ree moja mkononi mwako inapunguza michanganyiko ya jozi ya ree kutoka 6 hadi 3 na ya AK kutoka 16 hadi 12, na ukifuatwa bado unaweza kutengeneza mfuatano au karata tano za aina moja. Hoja hiyo ni sahihi. Lakini ukipandisha hadi 24 unahatarisha blaindi 21.5 ili upate 14.5, kwa hiyo unahitaji mpinzani atupe karibu asilimia 60 ya wakati. Huyu wetu wa asilimia 3, baada ya ree yako kuzuia baadhi ya michanganyiko, amebaki na 33. Akitupa jozi za ghulamu na kubaki na mengine yote, ametupa 6 kati ya 33, yaani asilimia 18. Kati ya 60 inayotakiwa na 18 anayoitoa hakuna daraja. Kwenye meza za dau dogo ningeliondoa dau la nne la kuzuga dhidi ya kila mtu ambaye sijamwona akipandisha kwa mikono dhaifu, na programu haina kitufe cha kusema hivyo kwa mkato.

Jozi ya malkia na AK zinastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndizo mikono ambayo watu huuliza kuihusu kila siku, na jibu la programu ni fupi mno: pandisha dau la nne, kisha ukubali ukisukumiwa akiba yote. Hesabu ya jibu hilo ni hii. Umeweka 24, mpinzani amesukuma 100, na unatakiwa ulipe 76 kwa poti iliyofikia 125, hivyo unahitaji karibu asilimia 38. Ikiwa anasukuma kwa jozi ya malkia, wafalme, ree na AK, basi AK yako ya aina tofauti ina karibu asilimia 39 dhidi ya safu hiyo. Ukishika jozi ya malkia na anasukuma kwa wafalme, ree na AK, una karibu 40. Unakubali katika hali zote mbili, lakini faida yake ni nyembamba kama uzi. Ondoa AK kwenye safu yake, jambo ambalo wabanaji wengi hulifanya kwa kufuata tu badala ya kusukuma, na malkia wako wanashuka hadi chini ya asilimia 20 dhidi ya wafalme na ree.

Uamuzi wenye thamani zaidi, kwa hiyo, unafanyika hatua moja kabla. Dhidi ya mtu wa asilimia 3, dau la nne ukiwa na malkia linamfukuza mwenye ghulamu, linamfanya mwenye AK asitesite au atupe, na linamwacha mezani mwenye wafalme au ree. Umewafukuza uliokuwa ukiwashinda na ukabaki na wanaokushinda. Kufuata, hasa ukiwa na nafasi ya mwisho, kunawaweka wote ndani: ghulamu wake bado watakulipa kwenye flopu ya karata ndogo, na AK yake itakosa flopu mara nyingi kuliko itakavyoipata. Kuhusu wafalme sina mjadala mrefu. Kwa akiba ya blaindi 100, anayewatupa kabla ya flopu kwenye meza za dau dogo anajiona mwerevu kwa gharama kubwa, kwani hata safu finyu ya malkia, wafalme, ree na AK bado ina mikono mingi unayoishinda.

Jozi ndogo zimepewa dakika chache tu kwenye masomo ya video, na nafikiri zilihitaji zaidi. Kauli inayozunguka ni kwamba jozi ya karata za namba tano inafuata dau la tatu "kutafuta utatu." Utatu, yaani karata tatu za namba moja, au bora zaidi hupatikana kwenye flopu kwa karibu asilimia 11.8, yaani chini ya mara moja kwa kila nane. Ukilipa 8.5 na kutupa kila unapokosa, basi ili usipate hasara unahitaji kila unapopata utatu ujipatie wastani wa karibu blaindi 64, na kwa kuwa poti ina 14.5 tayari, karibu 49 lazima zitoke kwenye zile 89 alizobakiwa nazo mpinzani. Hiyo ni zaidi ya nusu ya akiba yake kwa wastani, kabla hujaondoa makato (sehemu ya poti inayochukuliwa na mwenye meza) na kabla hujahesabu mara ambazo utatu wako utazidiwa. Mpinzani mwenye jozi kubwa asiyejua kuiachia atakulipa kiasi hicho. Mwenye AK iliyokosa flopu hatakulipa, na katika ile michanganyiko 40 AK ni 16. Mkono huu uko mpakani kwa namna ambayo hakuna rangi ya kisanduku inayoweza kuieleza, na bahati mbaya programu inaishia kwenye rangi.

Kasoro inayofuata ni ya utoaji alama. Kikokotozi huchanganya hatua: mkono fulani hufuatwa kwa asilimia 55 na kutupwa kwa asilimia 45. Mchanganyiko huo huwepo pale ambapo hatua zote mbili zina thamani sawa, au karibu sawa, dhidi ya mpinzani wa usawa. Programu inatumia namba ya bahati nasibu kuamua ni ipi "sahihi" kwa swali hilo, na ukichagua nyingine inakukata alama sawa na mtu aliyetupa jozi ya ree. Ni upuuzi wa wazi. Kuna mpangilio mbadala uliofichwa ndani ya menyu ya takwimu ambao hupima kosa kwa blaindi zilizopotea, na mara tu ukiuwasha, orodha ya makosa yako inapungua na kubaki na yale yenye maana. Sielewi kwa nini huo haukufanywa kuwa mpangilio wa kuanzia, isipokuwa labda kwa sababu makosa mengi humfanya mteja aendelee kulipia.

Makato ya meza nayo yameshughulikiwa nusunusu. Kwenye majukwaa mengi ya mtandaoni meza huchukua asilimia fulani ya poti, kwa kawaida karibu 5, hadi kikomo kilichowekwa, na haichukui chochote kama mkono umeisha kabla ya flopu. Katika meza za juu kikomo hufikiwa haraka na kinakuwa sehemu ndogo ya blaindi. Katika meza za chini kikomo kikipimwa kwa blaindi ni kikubwa, kwa hiyo karibu kila poti ya dau la tatu inakatwa asilimia kamili. Kwenye poti ya 23 hiyo ni zaidi ya blaindi moja, na ikikua hadi 60 ni blaindi 3. Athari yake inaelekea upande mmoja: kufuata kunapungua thamani, huku kutupa na kupandisha dau la nne, ambavyo vinaweza kumaliza mkono bila makato, vinabaki vilevile. Programu ina majedwali ya makato ya chini na ya juu, lakini inafungua na yale ya meza za juu. Mchezaji asiyeligusa hilo atajifunza kufuata mikono ya pembeni ambayo kwenye meza yake inamlisha mwenye meza tu.

Ukubwa wa madau ni kilio kingine. Maswali yote yanachukulia kwamba dau la tatu ni karibu mara tatu ya ufunguzi kutoka kwa mwenye nafasi na mara nne au zaidi kidogo kutoka kwenye blaindi. Meza za dau dogo hazifuati kanuni hiyo. Utakutana na mtu anayepandisha kutoka 3 hadi 6, na hapo unalipa 3 kwa poti ya 13.5, yaani asilimia 22, bei inayoruhusu karibu kila ulichofungua nacho kiendelee. Utakutana pia na anayeruka kutoka 2.5 hadi 15, akidai asilimia 40, na mara nyingi huyo ana ghulamu au malkia na hataki kuona flopu. Hali hizi mbili zina majibu tofauti kabisa, na nilitarajia angalau somo moja kuzihusu.

Hata hivyo kuna chombo kimoja ndani ya programu hii kinachoweza kurekebisha sehemu kubwa ya niliyoyalalamikia, nacho ni uwezo wa kuhariri safu ya mpinzani na kukiacha kikokotozi kitafute jibu jipya. Mpe blaindi ndogo ile michanganyiko 40 tu, na jedwali la mgawaji linabadilika mbele ya macho yako: AQ ya aina tofauti inatoweka, madau ya nne ya kuzuga yanafutika, malkia na AK zinahama kwenda kwenye kufuata. Mpe asilimia 12 na vyote vinarudi. Nilipata mafunzo zaidi kwa kuisogeza safu hiyo polepole na kutazama ni mkono upi unatoka kwanza kuliko kwa maswali yote ya mazoezi. Tatizo ni kwamba chombo hiki kipo kwenye kifurushi cha bei ya juu pekee, na kipindi cha majaribio ya bure hakikifungui, kwa hiyo kipengele bora zaidi unakinunua kama mbuzi kwenye gunia.

Anayekitumia atahitaji makadirio ya mpinzani wake, na hapo tahadhari inahitajika. Asilimia ya dau la tatu inayoonyeshwa na programu za takwimu huchelewa kutulia, kwa kuwa fursa za kupandisha juu ya ufunguzi wa mtu ni chache kuliko idadi ya mikono mliyocheza pamoja, na asilimia moja ya jumla huficha tofauti kati ya anavyopandisha dhidi ya nafasi ya kwanza na anavyopandisha dhidi ya mgawaji. Mwenye 6 kwa jumla anaweza kuwa na 2 dhidi ya nafasi ya kwanza na 12 kutoka blaindi ndogo dhidi ya mgawaji. Pale ambapo hakuna takwimu, mikono iliyofunuliwa mwishoni inasema zaidi: aliyeonyesha KJ baada ya kupandisha dau la tatu si yule wa asilimia 3, hata kama anacheza kimya. Ikumbukwe pia kwamba majukwaa makubwa yanakataza kutumia msaada wa aina hii wakati mkono unaendelea. Programu ni ya kujifunzia nje ya meza, na inalisema hilo waziwazi kwenye ukurasa wake wa kwanza, jambo ninalolipongeza.

Kuhusu mikono yenye watu wengi, ambapo umefungua, mmoja amefuata, na blaindi ikapandisha dhidi yenu wote, kuna majedwali machache na maelezo ni finyu. Kwa meza za dau dogo hilo ni pengo kubwa, kwani huko wafuataji ni wengi kuliko mahali pengine popote. Kanuni ya kutupa zaidi unapokuwa katikati ya aliyepandisha na mtu ambaye bado hajaamua imetajwa katika sentensi moja, ikaachwa.

Kifurushi cha akiba ya blaindi 200 kinauzwa kando, na kwa anayecheza zaidi kwenye meza za ana kwa ana, ambako akiba huwa ndefu, ndicho ningekitanguliza. Ile jozi ya tano iliyokuwa mpakani inakuwa na mpinzani mwenye 189 nyuma yake badala ya 89, malkia wanaacha kabisa kuwa mkono wa kuweka akiba yote kabla ya flopu, na mikono ya aina moja inayofuatana inapata nafasi ambayo kwa blaindi 100 haikustahili. Majedwali yake si mengi. Mwezi mmoja wa usajili unatosha kuyanakili kwenye daftari, kuyapitia pamoja na kile chombo cha kuhariri safu, kisha kusitisha malipo kabla ya mwezi wa pili kukatwa, na ukurasa wa kusitisha, tofauti na wa programu nyingi, unapatikana kwa urahisi.